Chupa ya Tano ya Kadzo

Mtoto alizaliwa na uzani wa ratili tatu kasoro wakia moja, na siku hiyohiyo bibi yake akaanza kuhangaika ni nani asiyeweza kumwoa.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, ule wa mvua zisizojua kurudi kwao. Mimi nilikuwa mfagiaji katika nyumba ndogo ya uzazi huku Kisauni: vyumba vitatu vya mabati, vitanda sita, na friji moja ya mafuta ya taa iliyokuwa ikikohoa kuwashinda wagonjwa. Mkuu wetu alikuwa Sista Margaret, mkunga, mzaliwa wa Frere Town, mwanamke mrefu asiyecheka mpaka umweleze kwa nini. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha vyombo, na kuandika chochote ambacho Sista alikuwa amechoka kukiandika. Naye alikuwa amechoka aghalabu ya siku.

Mama wa mtoto aliitwa Mastura, mke wa Yeslam mwenye duka la nguo mjini. Alivuka kuja shamba kumwamkia mavyaa wake, mama wa Yeslam, uchungu ukamshika na mimba ina miezi saba. Kwa mvua ile hakuna aliyethubutu kumrudisha mtoto mjini. Sista alisema baridi ya njiani itamwahi kabla ya daktari. Tukamlaza ndani ya sanduku la chai, chini pamba, ubavuni chupa za maji moto, nami nikawa nazibadilisha zikipoa. Alikuwa na masikio kama maganda ya kitunguu. Hakuweza kunyonya. Tulimdondoshea maziwa kwa kile kidude cha kutilia dawa ya macho, tone, umngoje ameze, tone tena.

Tatizo ni hayo maziwa. Mastura alikuwa amelala na homa, na ukimkamua unapata matone ya kuhesabu kwa vidole.

"Atapewa ya wanawake wengine," Sista akamwambia Bi Alawiya, yule mavyaa. "Ya ng'ombe tumbo lake halitayaweza."

"Wanawake gani?"

"Wowote wanaonyonyesha, bora wawe wazima."

"Wowote!" Bi Alawiya akalitamka neno lile kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa samli na tende, mwanamke mdogo wa kimo, ila akiingia chumbani unahisi chumba ndicho kilichomwingilia yeye. "Weye Sista ni Mkristo, hujui. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, basi ni mwanawe. Wana wa yule mwanamke wote ni nduguze. Mumewe ni babake. Hawaoani mpaka Kiyama."

"Na akinyonya mara nne?"

"Mara nne si kitu."

Kesho yake alikuja na jibu la shehe: maziwa yaliyokamuliwa kwa mkupuo mmoja ni mara moja, hata mtoto adondoshewe kutwa nzima. Basi chupa moja, mara moja. Kila mwanamke atoe chupa nne, kisha ashukuriwe na asionekane tena.

Sista alikuwa na rai yake. Alitaka maziwa yote ya siku yamiminwe katika jagi moja, mazito yayasaidie mepesi.

"Umchanganyie mama kumi kwenye jagi?" Bi Alawiya akasema. "Siku ya posa nitamwuliza nani habari za ukoo, jagi?"

"Bi, tano si haramu," nikachomeka. "Ni undugu tu."

"Weye fagia."

Nikafagia. Na nilipokwisha kufagia nikapewa kikapu.

Nasema nikapewa kikapu kana kwamba ni jambo dogo. Kila asubuhi nilitoka na chupa sita zilizochemshwa, nikaenda Mtopanga, Kongowea, nikarudi kwa njia ya Frere Town, matope yakininyang'anya viatu, nikibisha hodi kwenye nyumba zenye nepi kwenye kamba. Wakati ule wanaume walikuwa wamekaa barazani wakibishana huu Mwambao ni wa Sultani au wa Nairobi. Wakiniona napita na kikapu wananiuliza, "Dhahabu, unauza nini?" Nikiwajibu maziwa ya wanawake, wananyamaza, wanarudi kwa Sultani.

Wanawake hawakunikatalia. Walinipa. Lakini mwanamke akishanipa nne, imekwisha, natafuta mwingine. Wanaonyonyesha si embe, kwamba ukitikisa wanaanguka. Kila niliyempata nilimwandika jina kwenye kipande cha plasta, nikakibandika kwenye chupa, na Bi Alawiya akija adhuhuri anasoma majina yote kama karani wa bandarini anayepokea shehena.

Mtoto, ambaye siku ya saba alipewa jina la Ruwaida, alikuwa anapungua. Sista alisema siku za kwanza wote hupungua, tusishtuke. Tukakaa tusishtuke. Akafika ratili mbili na wakia kumi na moja. Kisha ghafla akapanda siku nne mfululizo, tukapumua. Kisha akashuka tena. Siku ya kumi na mbili mizani ilisema ratili mbili na wakia kumi, na ngozi ya mapaja ikawa inamkunjamana kama soksi ya mzee. Alikuwa halii tena. Mtoto mdogo akiacha kulia, mkunga hulala viatu miguuni.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwamba maziwa ni maziwa. Mtoto anashiba au hashibi, basi.

Asubuhi ile Sista alifungua friji, akasimama mbele yake muda mrefu hata nikadhani amelala wima.

"Dhahabu, njoo utazame."

"Abee."

Chupa za tangu jana zilikuwa zimepangwa mstari mmoja. Maziwa yakitulia, malai hupanda juu, kila mtu anajua. Lakini sikuwa nimewahi kuzitazama chupa zile pamoja. Ya Mwanasaumu, ambaye mwanawe alikuwa tayari anakimbiza kuku, ilikuwa na ukungu tu juu, kama pumzi kwenye kioo. Ya Jael, mke wa askari kutoka bara, ilikuwa na uzi mmoja. Nyuma kabisa kulikuwa na chupa tupu ya Kadzo ya wiki iliyopita, ambayo kwa uvivu wangu sikuwa nimeiosha. Na kwenye shingo ya chupa ile mafuta yalikuwa yamegandia pete nene, ya upana wa kidole.

"Alipanda siku zipi?" Sista akaniuliza.

Nikachukua daftari. Alipanda siku nne. Siku nne zilikuwa za chupa nne za Kadzo.

"Huyu Kadzo anakamuaje?"

Nikakumbuka. Kadzo alikuwa Mgiriama wa upande wa Mtopanga, ana mtoto wa mwezi mmoja aitwaye Kaviha, mwenye sauti ya kuita waliokufa. Kwa hiyo Kadzo humpa kwanza, akinyamaza ndipo anikamulie yaliyobaki. Wale wengine wote hunikamulia mimi kwanza, kwa heshima, kwa kuwa nimetoka mbali na nina haraka.

Sista akaketi kwenye ndoo. "Tumekuwa tukimpa maji ya juu," akasema. "Ziwa likianza hutoa mepesi, ya kukata kiu. Mafuta yako mwisho. Na mwenye mtoto mchanga maziwa yake si kama ya mwenye mtoto wa mwaka. Nami nayajua haya, Dhahabu. Nimesomeshwa haya." Akajifuta uso kwa aproni. "Nimechoka mpaka nimesahau ninayoyajua."

Siku hiyo nilizunguka kwa wote, nikiwaomba wanyonyeshe kwanza wao, ndipo wanipe mimi masalio. Mwanasaumu aliona nimeishiwa adabu, ati naomba makombo. Alinipa, yakawa mazito kidogo, kidogo tu. Mwenye kichanga, mahali pa kufikika kwa miguu yangu, alikuwa Kadzo peke yake. Na Kadzo amemaliza nne zake.

Nitasema nilichofanya bila kukipaka mafuta. Nilikwenda kwa Kadzo.

"Si mlisema nne?" akaniuliza. Alikuwa ameketi kizingitini akipepeta mtama. Mumewe alikuwa mgema, na mitungi ya tembo ilikuwa imepangwa ukutani imetulia kama wageni wa heshima.

"Bi amekubali," nikasema.

"Yule Mwarabu? Amekubali?"

"Wallahi, amekubali."

Kiapo kilinitoka kwa wepesi wa kutisha. Kadzo akamnyonyesha Kaviha, akakamua yaliyobaki, akanipa. Njiani nilisimama chini ya upenu wa mtu, nikaandika kwenye plasta: Mama Matano, Mtopanga. Huyo Mama Matano hakuwahi kuzaliwa, seuze kuzaa.

Kesho yake nikarudi. Na kesho kutwa.

Ruwaida alipanda wakia moja. Kisha moja na nusu. Siku ya tatu alilia, sauti ya mlango mkavu, na Mastura kitandani kwake akageuka ukutani akalia naye. Sista alisoma plasta, akanitazama, akasoma tena. Kisha akaanza kumdondoshea mtoto. Aliijua Mtopanga nyumba kwa nyumba, na watoto wengi wa huko aliwapokea kwa mikono yake.

Shida ni kwamba Bi Alawiya alimpenda Mama Matano.

"Huyu mwanamke ana baraka," akasema. "Mumewe nani?"

"Ni... mvuvi, Bi."

"Mvuvi wa Mtopanga? Anavua nini, konokono?"

"Anavua huko kwengine, Bi. Huja nyumbani."

"Kesho nipeleke kwake. Nimemnunulia leso."

Usiku huo sikupata usingizi, na tayari nilikuwa nikiidai kazi yangu usingizi wa miezi mitatu. Asubuhi nilileta chupa, ya Kadzo ya nane, ya Mama Matano ya nne, nikaiweka kwenye friji, nikajifanya nina sakafu ya kupiga deki. Adhuhuri Bi Alawiya alikuja na leso imekunjwa kwapani. Alifungua friji, akaitoa chupa, akainyanyua mbele ya dirisha. Akaigeuza polepole. Akaitazama ile pete ya malai.

Nilikuwa nimesahau mumewe alikuwa akiuza nini.

"Miaka thelathini," akasema, bila kugeuka, "nimeletewa samli na watu wanaoapa. Huyu kachanganya, huyu hakuchanganya, huyu kaazima kwa jirani. Mimi nasoma mafuta kama weye usomavyo daftari lako. Maziwa haya nimeyaona kabla. Ni ya yule Mgiriama."

"Ndiyo, Bi."

"Mama Matano yuko wapi?"

"Hayuko, Bi."

"Amekufa?"

"Ingekuwa afadhali."

Akaiweka chupa mezani, taratibu mno. "Hii ni ya ngapi?"

"Ya nane, Bi."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliketi kwenye ile ndoo, akawa mdogo kama alivyokuwa kweli. "Mgema," akasema. "Mjukuu wangu ana baba mgema wa tembo. Mwanamke wa kuishia uani kuniuzia mboga, sasa ataingia kwangu mpaka chumbani bila kupiga hodi, ati mtoto wake yumo." Akainuka. "Basi yamwage. Yaliyokwisha kuingia nitamwuliza shehe. Haya yamwage."

Sista alikuwa mlangoni. "Ukiyamwaga haya, kesho nitampa nini?"

"Mtatafuta."

"Dhahabu ametafuta. Mtazame miguu yake."

"Yamwage, nimesema!"

Hapo Mastura, ambaye kwa siku kumi na sita hatukumsikia neno zaidi ya maji na asante, alijiinua kwa kiwiko kitandani. Homa ilikuwa imemla mashavu, macho tu yamebaki.

"Mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, maiti haolewi."

Ni hayo tu aliyosema. Akajilaza. Mvua ikapiga bati, na mle ndani ya sanduku la chai kikatoka kile kilio cha mlango mkavu.

Bi Alawiya alisimama pale na mkono juu ya chupa mpaka nikafikiri mkono umegandia. Kisha akaniambia, hata hakuniangalia, "Kamlete."

Kadzo alikuja na Kaviha mgongoni, wote wawili wameloa. Aliketishwa, akaelezwa yote na Sista, nami nikipanga chupa zilizokwisha kupangwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe hakukubali."

"Nisamehe, dada."

"Uliniapia. Kwa chupa nne nimekuwa nikimwibia mwenzangu mtoto, nami sijui." Akaanza kufunga leso upya kiunoni, kama mtu anayeondoka. "Na wewe, Bi, nataka nikuulize. Ulikuwa ukihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Unaogopa huyu Kaviha asije akakosa kumwoa Ruwaida? Kwani mngempa?"

Bi Alawiya alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Tusingempa."

"Basi ulikuwa unahesabu nini?"

"Nilikuwa nahesabu usije ukawa mtu wangu."

Kadzo akacheka, kicheko kifupi kisicho na sukari. "Na sasa?"

"Sasa umeshakuwa. Nane zimepita tano." Bi Alawiya akaifungua leso aliyoileta, leso ya Mama Matano, akaiangalia, akaona haifai, akaikunja tena. "Sikuletei hii. Hii nilimnunulia mtu mwingine. Nakuomba tu. Mtoto hana kitu chengine."

"Huniombi wewe," Kadzo akasema. "Mwenye mtoto ni yule kitandani."

Mastura akamwitikia kwa kichwa, machozi yakimwingia masikioni.

Kadzo akakaa. Akamshusha Kaviha, akampa ziwa, na yule mlafi akanyonya kama anayelipiza kisasi. Alipomaliza, Kadzo akatazama huku na huku amweke wapi. Mikono ya Sista ilikuwa na dawa. Mimi nimeshika chupa. Akabaki Bi Alawiya. Kadzo akamweka mtoto mikononi mwa bibi huyo, juu ya buibui lake la hariri, bila kumwuliza, na Kaviha, aliyeshiba, akatoa papo hapo maji yote ya mwanzo wa ziwa.

"Lo!" akasema Bi Alawiya. Lakini hakumtupa.

Toka siku hiyo sikwenda tena na kikapu. Kadzo alikuja mwenyewe, mara mbili kwa siku, na Bi Alawiya akimpakata Kaviha huku amejitandika gunia magotini, maana alikuwa mtu wa kujifunza. Wanawake hawa hawakupendana. Waligombana juu ya ubani, juu ya kumfunga mtoto kitovu, juu ya kila kitu. Siku nyingine maziwa ya Kadzo yenyewe yalitoka mepesi, hatukujua kwa nini, na Bi Alawiya aliishika chupa kwenye mwanga akamtazama kwa jicho la sokoni, na Kadzo akamwambia mimi si duka. Lakini mizani ilikuwa ikipanda. Ratili tatu. Tatu na nusu. Mwezi wa pili Ruwaida akashika ziwa kwa mdomo wake mwenyewe, la mama yake kwanza, ambalo sasa lilikuwa na kitu, kisha la Kadzo.

Siku waliyotoka alikuwa na ratili tano na wakia tatu. Yeslam alileta teksi. Bi Alawiya alikataa kupanda.

"Dhahabu, chukua kalamu."

"Bi, nimefunga kazi."

"Chukua kalamu. Mtoto huyu ana ndugu wa kunyonya, na mimi sitaishi milele kuwakumbuka. Kadzo, wanao wangapi?"

"Sita, pamoja na Kaviha."

"Wataje. Polepole."

Kadzo akawataja, kutoka mkubwa mpaka mdogo, nami nikaandika, Bi Alawiya akirudia kila jina kwa midomo bila sauti, kama anayehifadhi sura. Mengine yalimshinda, akamwomba ayaseme tena. Wakataja babu, wakataja mbari, wakataja kijiji. Teksi ikapiga honi.

"Na baba yao," Kadzo akasema.

"Na baba yao, mwandike," akasema Bi Alawiya, ametazama pembeni. "Kazi yake andika mkulima."

"Mume wangu halimi hata bustani," akasema Kadzo. "Andika mgema."

"Mkulima."

"Mgema."

Wakanigeukia wote wawili. Mimi niliandika mgema. Lilikuwa neno fupi zaidi, na nilikuwa nimechoka.